Jina Alilolitaja Baada ya Kuanguka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi wa magauni, mwanamke aliyewavisha maharusi wa mtaa mzima. Fundi wa magauni, mke wa seremala, mama wa binti mmoja.

Na mumewe, jamani, alikuwa na wivu! Mteja wa kiume akija kupimwa shati, seremala anaacha randa, anavuka ua, ananyakua futi na kumpima mwenyewe. "Mashati yalitoka mapana kama makabati," anakumbuka binti yao. "Mama alikuwa anacheka, halafu anayapunguza kimyakimya."

Wivu huo ulikuwa na chanzo. Kabla ya ndoa, fundi alichumbiwa na dereva wa lori. Uchumba ukavunjika, dereva akahama. Miaka ikapita, wajukuu wakazaliwa, lakini seremala akisikia honi ya lori, chakula hakipiti.

Asubuhi moja fundi alipanda stuli kutundika pazia. Stuli ikateleza. Akaanguka, kisogo kikagonga ukingo wa dirisha. Akainuka, akajipangusa. "Sijambo, ni nundu tu."

Hakutoka damu. Nasema tena, hakutoka damu. Ila alikuwa anatumia dawa za moyo, zile zinazozuia damu isigande.

Baada ya siku kadhaa kichwa kikaanza kuuma, kikazidi. Akatapika. Akalala mchana kutwa, yeye ambaye hata akiumwa alikuwa hakai kitako. Mumewe akamletea chai. Fundi akamtazama, akatabasamu.

"Dereva, mbona umechelewa?"

"Kikombe kilinitoka mkononi," seremala aliniambia. "Nikasema, kumbe! Miaka yote hii kumbe unamngoja yeye!"

Akamhoji. Fundi akajibu maneno yasiyoshikana. Mume akadhani anababaika kwa aibu. Akabamiza mlango, akaenda karakanani kupiga randa mbao ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kesho yake binti akapiga simu, akaongea na mama, kisha na baba.

"Baba, Mama anaongea kama mlevi. Ana nini?"

"Muulize Dereva wake."

Binti hakuuliza. Alikuja mbio. Akamkuta mama anaburuta mguu mmoja, na mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili. Wakamkimbiza hospitali.

Damu ilikuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu, ikiubana ubongo. Akapasuliwa. Hakuamka.

Na yule dereva? Alishafariki zamani, na seremala alijua. "Nilikuwa namwonea wivu marehemu," anasema.

Pole sana seremala. Pole binti, pole wajukuu na nyote aliowashonea.

Nasi tujifunze. Mzee akianguka na kugonga kichwa, hata bila damu, mwangalieni kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, ulimi mzito, mkono au mguu kulegea: hospitali, papo hapo. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, msisubiri dalili. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Seremala ameniomba niwafikishie wanaume wenzake neno moja. Nalisoma kama alivyolisema:

"Mkeo ameanguka, halafu anakuita jina la mwanamume mwingine? Usimuulize ni nani. Mpeleke hospitali kwanza. Akirudi mzima, ndipo mgombane."