Mama Palupi na Mstari Uliofichwa Miaka Kumi na Tisa

Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba 2024, Mama Palupi Handarini anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Viungo Bandia ya Tirtamaya, hapa Surakarta, kwa miaka thelathini na mitatu. Niliombwa niandike kurasa mbili za maneno matamu kwa ajili ya jarida letu, na nilikuwa nimeshaziandika. Nikazichana. Tumegundua jambo ambalo mpaka leo, tukilikumbuka kwenye korido, tunatazamana tu na kutikisa vichwa.

Mama Palupi aliajiriwa mwaka 1991 kukoroga plasta. Siku hizo mguu bandia ulianza na ndoo, bandeji na mgonjwa aliyeambiwa asitikisike. Mwaka 2005 ilipoletwa mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, mafundi wakubwa waliikimbia. Yeye alinunua kitabu cha mtumba, akakisoma jikoni huku akisubiri wali uive, na baada ya miezi mitatu alikuwa anaandika skripti zake mwenyewe, yaani orodha za amri ambazo kompyuta huzifuata.

Kwa wenzetu wa idara nyingine wanaodhani miguu hutoka mashineni kama mikate, nieleze. Kliniki huchukua umbo la gutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kwa skana. Skana hutoa faili la umbo la pande tatu. Kila kampuni ya skana ina aina yake ya faili, na mashine yetu inasoma aina moja tu. Katikati alikaa Mama Palupi na dirisha lake jeusi la kompyuta lisilo na kitufe wala picha. Aliandika amri ya mstari mmoja, akabonyeza, akaenda kuchemsha chai, na akirudi folda nzima ilikuwa imeshabadilishwa, tayari kwa kuchongwa.

Mwaka 2009 kliniki moja ilinunua skana iliyopima kwa inchi, na faili halisemi limepimwa kwa kipimo gani. Mashine yetu, iliyozoea milimita, ikachonga mguu mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Mama Palupi aliutoboa akautia kwenye pete ya funguo zake, ambako upo hadi leo. Kisha akaongeza ukaguzi kwenye skripti: umbo likija dogo kuliko kiganja au refu kuliko mtoto wa shule, kazi inasimama na dirisha linaandika, "Huu si mguu. Rudi ukapime." Tangu hapo karakana nzima ina utani huo. Mtu akileta ripoti mbovu anaambiwa, "Huu si mguu."

Sasa mshtuko wenyewe.

Jumatatu ya tarehe 2 Septemba uongozi ulizindua programu mpya ya kubadilisha mafaili, yenye vitufe vya rangi na keki ya uzinduzi. Mkurugenzi wetu, Bwana Bagaskara, alisema kwa furaha, "Mama na skripti yake wapumzike pamoja!" Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Siku tisa baadaye alikuja Suroso, mgonga mihuri ya nta kwenye vitambaa katika kiwanda cha batiki, aliyepoteza mguu wa kushoto chini ya goti kwenye ajali ya pikipiki. Kazi yake ni ya kusimama mezani kutwa nzima. Kiwanda kilikuwa kimemshikia nafasi kwa miezi mitano, na kilimwambia wazi kwamba asipokuwa mezani Jumatatu ya tarehe 23, nafasi inakwenda kwa mwingine. Akavaa mguu wake mpya, akajaribu kusimama, akakaa ghafla, jasho likimtoka.

"Mafundi, huu mguu ni mzuri," alisema, "ila ni wa jirani yangu."

Tulicheka. Kisha fundi wa kuvalisha akaukagua, akaukagua tena. Kikombe kinachopokea gutu kilikuwa cha mguu wa kulia. Kila bonde lililopaswa kuulinda mfupa lilikuwa upande usio na mfupa huo. Tulifungua stoo tukakuta miguu mingine mitatu ya namna hiyo, imeshafungashwa, na yote minne, pamoja na wa Suroso, ilitoka kliniki ya Daktari Kuncoro wa Wonogiri.

Mama Palupi aliitwa. Aliwasha kompyuta yake ya zamani, akafungua skripti, akashuka mpaka mstari wa mia mbili na kumi na nne, akasogea pembeni tuone. Mstari ulisema hivi: faili likitoka kwa Daktari Kuncoro, geuza kushoto kuwa kulia. Juu yake, kama waandishi wa skripti wanavyojiwekea maelezo, alikuwa ameandika mwaka 2005: "Skana ya Daktari inatoa maumbo kinyume. Yarudishe. Usimwambie, ataona aibu."

Miaka kumi na tisa! Kila mguu wa kutoka Wonogiri ulifika hapa kinyume, na mwanamke mmoja aliurudisha kimyakimya. Na alipoandika maelezo ya makabidhiano, kurasa arobaini na moja, mstari huo hakuutaja, kwa sababu maelezo hayo yangesomwa na watu, na watu wangejua kwamba daktari mkubwa anakosea.

Najua tutakavyojitetea. Tutasema ndivyo tulivyolelewa, mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Basi tuseme na lililobaki: kwa adabu hiyo tulikaribia kumpeleka mtu kazini akiwa na miguu miwili ya kulia. Mimi adabu ya namna hiyo siitaki tena katika jengo hili, na atakayesema nawatukana wazee wetu aje tubishane. Wala uongozi usijifiche nyuma ya mama huyu. Waliozima skripti iliyofanya kazi miaka yote hiyo bila hata kuisoma mstari kwa mstari wana sehemu yao, na ni kubwa kuliko ya kwake.

Bwana Bagaskara alitaka njia fupi. "Mama, huo mstari tuuingize tu kwenye programu mpya, yaishe."

"Hayaishi, Bwana Bagas," alijibu. "Mimi nikiondoka, nani atajua kwa nini upo? Ipo siku mtu atauona wa ajabu na kuufuta. Naenda kwa Daktari."

Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kumwambia mtu kwamba chai yake imezidi sukari.

Kesho yake mimi na fundi wa kuvalisha tulimsindikiza hadi Wonogiri. Daktari Kuncoro, mwenye miaka sabini na moja, alitukaribisha kwa chai na mihogo ya kukaanga. Waliulizana habari za watoto, za wajukuu, za mvua iliyochelewa. Glasi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Kwenye ya tatu Mama Palupi aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo sisi tuliokaa mlangoni tuliisikia kwa shida, "Daktari, niwie radhi sana. Skana yako inageuza maumbo. Tangu mwaka 2005."

Daktari aliweka glasi chini. Uso ulimbadilika rangi. Nilidhani amekasirika.

"Mama," alisema, "skana yangu ni nzima. Mimi ndiye ninayegeuza."

"Mguu wa kwanza mlionichongea ulikuja kinyume. Nikadhani mashine yenu ndivyo ilivyo. Niliona vibaya kuwaaibisha, mashine ilikuwa mpya, mlikuwa mmeifurahia mno. Nikamtengenezea mgonjwa yule mguu mwingine kwa plasta, na tangu hapo nageuza hukuhuku kabla ya kutuma."

Mama Palupi alifunika mdomo kwa kiganja. "Ule wa kwanza nilikosea mimi! Niliona kosa kesho yake, nikasahihisha. Nikaona aibu kukwambia."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kosa la siku moja lilikuwa limeshasahihishwa, halafu watu wawili waungwana wakalisahihisha tena kila siku, huyu akigeuza na yule akirudisha, kila mmoja akimsitiri mwenzake. Nimesoma vitabu vingi juu ya upumbavu wa wanadamu na sijakutana na wa namna hii. Walitazamana, kisha Daktari akaanza kucheka mpaka miwani ikadondoka kwenye mihogo. Mama Palupi akacheka huku machozi yakimtoka.

Siku hiyohiyo Daktari alituma mafaili manne upya bila kuyageuza. Kesho yake, Ijumaa asubuhi, mbele yetu wote, Mama Palupi alifuta mstari wa mia mbili na kumi na nne, akaandika amri yake, akabonyeza. Safari hii hakwenda kuchemsha chai. Lilipotoka umbo la mguu wa Suroso, aliliweka kwenye kioo cha kompyuta, akaweka na fomu ya mgonjwa pembeni, akatuuliza mmoja mmoja, "Huu ni mguu gani?" Kila mtu alitakiwa kujibu kwa sauti, akiwemo Bwana Bagaskara. "Wa kushoto, Mama."

Swali hilo sasa ni sheria ya karakana. Hakuna umbo linalochongwa kabla ya watu wawili kulijibu kwa sauti, na programu mpya haitatumika tena mpaka skripti ya Mama Palupi isomwe yote, mstari kwa mstari, naye akiwepo kama mgeni wetu wa kulipwa.

Jumatatu ya tarehe 23, saa moja asubuhi, Suroso alituma picha akiwa amesimama mezani, muhuri wa shaba mkononi. Chini yake aliandika, "Jirani nimemrudishia wake."

Mama Palupi, ncha ya mnara wa wali wa manjano, anayokatiwa mwenye sherehe, ni yako leo, na hakuna anayeistahili zaidi. Asante kwa kila mguu uliotembea kwa sababu wewe ulikuwa macho, na asante zaidi kwa glasi ile ya tatu ya chai. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, jiko lenye wali unaoiva taratibu na vitabu vya kusoma ukiusubiri. Na ukipita hapa ukatukuta tunakosea, tafadhali, mama yetu, usitusitiri.

Gunarto Wisesa
Idara ya Uchongaji