Bi Mkia, Kiongozi Aliyetembea Nyuma

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupandisha wageni hadi ziwa la juu mlimani, mwongozaji wetu Bi Mkia anastaafu rasmi Ijumaa hii. Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi, niliyepika jikoni hapa langoni hadi miguu ikagoma kusimama kutwa, na ndimi pia niliyemzaa. Nikizidisha sifa, mnivumilie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na majivuno yake pia.

Alianza upagazi, akibeba mahema na masufuria kwenye njia iliyosimama kama ukuta, na pumzi ya kuimba ilibaki. Simsifu kwa sababu ni wangu. Waulizeni wapagazi wenzake, kama hawataona haya kusema.

Alipopewa uongozaji, alitangulia mbele na fimbo yake kama wengine wote. Siku moja akafika ziwani, akageuka, mgeni mmoja hayupo na ukungu umeshashuka. Akateremka mbio. Alimkuta bibi harusi wa juzijuzi ameketi nyuma ya jiwe, kiatu mkononi, analia kimyakimya; aliona aibu kuwaambia wenzake wamsubiri. Bwana harusi alikuwa ziwani anapiga picha!

Tangu hapo, aliyechoka zaidi humtanguliza mbele, wote wafuate mwendo wake, na yeye huwa wa mwisho. Wenzake walimcheka: kiongozi gani huyu anaongozwa? Wakambatiza Mkia. Akawajibu kwamba ng'ombe bila mkia hana wa kumfukuzia nzi. Leo waongozaji wote hapa wanapanda hivyo, na waliocheka wanajifanya wamesahau.

Lakini utaratibu huo ulimnyima kitu. Anayetangulia ndiye hukuta maji yametulia, kilele kimelala ndani yake kizima. Mkia anapofika, wageni wameshatumbukiza miguu na kurusha vijiwe. Jioni moja, akivua viatu, alinitania kwamba atastaafu bila kukiona tena kilele majini. Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumapili iliyopita wafanyakazi tulimpandisha kwa safari ya kumuaga. Kwa umri wangu, nafasi ya mbele ilikuwa yangu bila mashindano, ingawa mkuu wa kituo alikuwa nyuma yangu akihema na kuomba, "Bibi, punguza mwendo." Hatua chache kabla ya ziwa, nikaketi katikati ya njia. Mwanangu akaja mbio.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Pita."

Akatazama mstari mzima. "Nikipita, nani atabaki nyuma?"

Mkuu wa kituo akageuka. Akashuka, akapita watu wote, akasimama wa mwisho kabisa.

Basi mwanangu akapita. Hakuna aliyemfuata, hata wenye kamera. Upepo nao ulikuwa na adabu siku hiyo. Alikaa peke yake na ziwa lake kwa muda mrefu, nasi tukingoja kwenye baridi bila kunung'unika, hadi alipotuita kwa sauti iliyolowa.

Bi Mkia, kwa niaba ya jiko, ofisi, wapagazi na kila mgeni uliyemrudisha nyumbani mzima, tunasema asante. Magoti yako yapate raha, na usingizi wako usikatizwe na kengele ya alfajiri. Maisha mema, mwanangu. Jumatatu lala mpaka jua likuchoke.