Sanduku la Wambui Lililomaliza Fomu Foo

Bwana apewe sifa, wanafunzi wa shule yangu! Nimesema, apewe sifa!

"Njoroge? Huyo atarudi nyumbani kabla hatujamaliza gunia hili la viazi." Hayo yalikuwa maneno ya baba yangu mdogo juu yangu, mbele ya watu, kule kwetu Subukia. Mwenye duka akaongeza, "Nyumba hiyo haijawahi kutoa mtu wa sekondari."

Ndugu zangu, leo nina diploma ya umeme, na si ya kununua! Nimefunga nyaya kwenye majumba ya Doha, kule Uarabuni, ambayo ukiyatazama juu kofia inaanguka. Nimerudi, nina karakana yangu mjini Nakuru, na ile pikapu ya bluu mnayoichungulia chini ya jakaranda ni yangu. Sijivuni. Nasema tu alichonitendea Bwana.

Asubuhi nimesikia kengele yenu, ile rimu ya gurudumu la lori inayogongwa kwa chuma. Kumbe bado ipo! Nikanusa githeri, mahindi na maharagwe, kutoka jikoni, nikauona ukungu ukishuka mlimani, na macho yangu yakalowa. Mimi, mtu mzima!

Nilipoitwa shule hii, mama yangu mjane hakuwa na kitu. Jumapili ile mchungaji alisoma orodha ya vitu vya shule kanisani, katikati ya matangazo. "Godoro?" Mzee Koech, muuza maziwa, akainua mkono: "Ninalo, lakini ni la kuazima. Asilikojolee!" Kanisa zima likacheka. "Blanketi?" Akina mama wakainua mikono. "Sanduku?" Hakuna mkono. Halafu jirani yetu, Mama Wambui, akasimama. "Lipo la binti yangu. Limekaa bure. Ninalitaka lirudi likiwa limemaliza fomu foo, miaka yote minne."

Basi nikaingia lango lile na sanduku la bati lililoandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama za duka: WAMBUI.

Ndugu zangu, niliteseka! "Niaje, Wambui!" "Wambui, leo rinda umeacha wapi?" Godoro nalo lilinuka maziwa, wakaniambia nimelala na ng'ombe. Wiki ya tatu, Jumamosi wakati wa usafi, nililibeba sanduku kichwani nikaenda langoni. Nilikuwa nimeacha shule. Maneno ya baba mdogo yalikuwa yanatimia!

Mlinzi, mzee mmoja mpole, akasoma ubavuni mwa sanduku. "Wambui, safari ya wapi?"

Nikalia. Nikamwambia Wambui si mimi, ni msichana wa jirani.

"Yeye alimaliza shule?"

"Hapana, mzee. Aliachia fomu tu, mwaka wa pili, baba yake alipofariki."

Akaligonga sanduku kwa kidole. Kisha akasema, "Basi hili sanduku limeshatolewa shule mara moja. Unataka litolewe tena?"

Haleluya! Yule alikuwa mlinzi, lakini sauti ilikuwa ya Mungu! Niligeuka. Nilipiga magoti bwenini kati ya vitanda, na Yesu akaniondolea aibu pale pale. Kesho yake mtu alipoita "Wambui!" niliitika, "Naam!" kwa sauti ya gwaride. Mchezo ukakosa utamu. Na mtihani wa fomu foo ulipotoka, Wambui huyo ndiye aliyeongoza darasa!

Wewe uliyeketi pale nyuma na sweta ya kaka yako, mikono imekupita vidole, nakuona. Usiionee haya. Kuna mtu aliyeinua mkono kwa ajili yako. Mtumaini Bwana, na ubaki darasani.

Niliporudi kutoka Doha, nilipitia Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma, nikabeba mbuzi mzima wa kuchoma, nikawaita wote walioniazima. Mzee Koech nikampa godoro jipya, akalinusa, akasema, "Hili halina maziwa, litanipa usingizi kweli?" Akina mama nikawapa mablanketi. Mama Wambui nikamletea sanduku la kisasa, la magurudumu.

Akalisukuma kando. "Hili ni lako, mwanangu. Letu liko wapi?"

Nikaona haya, mimi na diploma yangu. Lilikuwa kwa mama, limejaa chakula cha kuku. Nikaenda nikakimwaga chakula, nikalibeba kichwani mwenyewe, na kiatu changu cha ng'ambo kikaingia matope.

Wambui alikuwa amesimama mlangoni na binti yake, yule mnayesoma naye sasa fomu wani. Alipiga magoti, akafuta vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa mpaka jina likaonekana lote. Akaliwekea kiganja.

"Limemaliza?" akaniuliza.

"Limemaliza, dada. Na limeongoza darasa."

Akacheka huku analia. "Basi nami nimemaliza."

Siku hiyo, ndugu zangu, ndipo deni langu lilipoisha. Sifa zote kwa Bwana! Na sanduku hilo sasa liko na binti huyo, bweni la wasichana, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Jina ni lile lile, halijapakwa rangi upya. Asiwepo wa kulicheka.