Saizi ya Tairi la Brodie

Benchi la mji mdogo wa Wirrabee ni gogo la reli ya zamani lililolazwa juu ya mapipa mawili ya dizeli, mbele ya duka la Glenys, ambalo ni duka, kituo cha mafuta, posta na baa kwa pamoja. Hapo kila asubuhi huketi wazee watatu, na hakuna jambo chini ya jua wasilolijua. Mfupi, fundi wa mji, huinama kila mlango, ndiyo maana wakamwita Mfupi. Askofu hajawahi hata kukusanya sadaka. Maisha yake yote alikuwa dereva wa greda, ila hamalizi sentensi bila methali, na methali zenyewe huzipachika popote anapoona pana nafasi. Wa tatu ni Des Hartnell, mchomeleaji mstaafu, anayeitwa Kidole kwa sababu hajawahi kushika futi kamba. Hupima kila kitu kwa kidole cha shahada, na watu huamini. Jumamosi hiyo kahawa ilikuwa ya moto, nzi walikuwa wengi, na Kidole alikuwa hajatia neno tangu asubuhi.

Mbele yao, juu ya kreti la bia, ilisimama pikipiki ya safari ya kijana Brodie, haina tairi la nyuma. Kando yake alisimama Merrin, dada wa Brodie, aliyefika jana kwa lori la posta. Miezi mitano iliyopita Brodie alianguka kilomita sitini kusini mwa mji, mvua imetoka kunyesha, akalala njiani mguu umevunjika mara tatu, mpaka lori la ng'ombe lilipomwokota jioni. Lori hilo ndilo lililomleta yeye na pikipiki yake. Mfupi alikuwa amekwisha kuinyoosha na kuifunga upya, ikabaki tairi tu, maana la zamani lilichanika ubavuni. Merrin alitaka kuiendesha mpaka Adelaide, na hakuna njia nyingine ya kutoka Wirrabee ila hiyohiyo iliyomvunja kaka yake.

– Wazee wangu, nataka namba moja tu, alisema Merrin, simu mkononi. Duka la tairi la Port Augusta linafunga saa sita. Sasa hivi saa tano na dakika kumi. Nikikosa leo, lori la mizigo la Jumanne linakuja mikono mitupu, na lingine ni baada ya wiki mbili.

– Namba haiagizwi kama pai ya nyama, binti, alisema Mfupi. Namba inafikiriwa. Hapo nyuma zinaingia saizi mbili, mia arobaini au mia hamsini. Huo ni upana, kwa milimita. Ukikosea, nusu ya safari unaisukuma.

– Basi ipi?

– Inategemea.

– Inategemea nini?

– Mia hamsini, aliingilia Askofu. Mbona jambo liko wazi? Kati ya hapa na reli mchanga mtupu, na mchanga unataka mguu mpana. Umewahi kumwona ngamia akizama? Haba na haba hujaza kibaba.

– Kibaba kimeingiaje kwenye ngamia?

– Kimeingia, Mfupi. We kunywa kahawa yako.

– Ngamia hana rimu, alisema Mfupi, sauti imeanza kupanda. Rimu hii ilitengenezwa kwa mia arobaini. Ukiibana mia hamsini humo, tairi linaumuka katikati kama mkate kwenye bati dogo. Linakanyaga kwa mgongo, pembeni halishiki kitu. Huo upana unaubeba tu, haukusaidii.

– Hayo mbona hukumwambia Brodie? aliuliza Askofu.

Mfupi aliweka kikombe chini.

– Wiki ile nilikuwa Port Augusta natolewa meno, alisema polepole. Na wewe unajua. Kwa hiyo usinitazame mimi.

– Sijakutazama.

– Umenitazama.

Kidole alikuwa akitazama kahawa yake. Alijua ni nani wa kutazamwa. Alasiri moja Brodie alikaa hapohapo kwenye gogo, tairi jipya la mia hamsini amelivisha tayari, akauliza kama halitagusa. Kidole alinyanyuka, akatia kidole kati ya tairi na ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, akakizungusha kwa madaha, akasema: kidole kinapita, nenda mwanangu. Nchi ilikuwa kavu, vumbi tupu. Siku tatu baadaye, asubuhi aliyoondoka, ikanyesha. Udongo wa kule ukilowa hushika kama gundi iliyochanganywa na kokoto, na tope lake halina unene wa kidole, lina unene wa kiganja. Lilijaa kwenye ule upenyo, likakamata gurudumu katikati ya kona. Kidole hakuhitaji kuhadithiwa. Lori la ng'ombe liliposhusha pikipiki aliona ubavu wa tairi umelika na chuma kimesuguliwa kikang'aa kama kijiko.

Mwezi wa kwanza alisubiri mtu amuulize. Kuanzia wa pili akawa anaomba asiulizwe, na hilo ndilo lililomtia aibu kuliko kosa lenyewe.

– Tuseme ukweli, alisema Askofu. Kilichomwangusha Brodie si tairi. Ni kangaruu.

– Nani alimwona huyo kangaruu? aliuliza Merrin.

– Kangaruu haonekani, binti, ndiyo kazi yake. Na tena, tairi jembamba lina mlio mkali. Kangaruu wanausikia kutoka mbali wanadhani ni mwenzao anapiga mguu, wanakuja. Pana linanguruma chini kwa chini, wanadhani radi, wanakimbia. Ndiyo maana nasema mia hamsini.

– Lakini Brodie alikuwa na hiyohiyo mia hamsini.

– Basi huyo alikuwa kiziwi.

Mfupi alicheka bila furaha, halafu naye, badala ya kunyamaza kama mtu mzima, akaongeza la kwake.

– Kilichomwangusha ni mwendo. Tairi la mia hamsini ni pana lakini ni fupi kwenda juu. Gurudumu likiwa fupi, kipima mwendo kinasema mia, kumbe wewe unakwenda sabini. Unajiona umekwisha kimbia, kumbe bado. Unatia moto zaidi kufidia. Mwili unafika kabla ya akili.

– Hapo umejichanganya mwenyewe, alisema Askofu. Kama anakwenda sabini, mwendo uko wapi?

– Mwendo uko kichwani.

– Kichwani mwako.

– Rudia hilo.

Mfupi alisimama, na Mfupi akisimama benchi zima huingia kivulini. Glenys, mwenye duka, alitoka na birika la kahawa, akapita katikati yao kwa makusudi na kuwajazia vikombe ambavyo havijaisha.

– Kaeni, alisema. Mnagombana kama mnaoshtakiwa. Binti ameuliza tairi.

Ni kweli walikuwa kama wanaoshtakiwa. Hakuna aliyewashtaki, lakini kila mmoja alikuwa anajitetea, na katika kujitetea wanamsukumia mzigo kijana aliyelala hospitali na kangaruu ambaye hakuzaliwa. Kidole aliona hayo, akaona pia kwamba wenzake hawakuwa wanamlinda yeye. Walikuwa wanalilinda benchi. Ushauri wa hapo ukifaa huwa wa kila mtu, na ukiua hauna mwenyewe.

– Saa tano na nusu, alisema Merrin.

– Sikiliza, mwanangu, alisema Askofu kwa upole wa ghafla. Chukua mia hamsini, punguza upepo kidogo ukifika kwenye mchanga, utakwenda kama mfalme. Sisi tumeiona njia hii kabla mama yako hajazaliwa. Shida ya vijana wa leo ni kutusikia nusu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu...

Akakwama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Askofu alikuwa amepata methali, akaona inakoelekea, na akachelewa kuisimamisha. Mfupi alifumba macho.

– Malizia, alisema Merrin.

– Imenitoka.

– Huvunjika guu. Ndivyo inavyokwenda, sivyo? Brodie alisikia, mzee. Wa kusikia ndiye aliyevunjika. Wamemtia vyuma kumi na moja kwenye huo mguu, na bado anauliza kama ataweza kuukunja.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Aliwatazama mmoja mmoja, na alipofika kwa Kidole, Kidole akajifanya anafukuza nzi.

– Nawauliza swali dogo, alisema. Hiyo mia hamsini, kati yenu ni nani aliyewahi kuifunga kwenye pikipiki yake mwenyewe akaiendesha njia hii?

Askofu alifungua mdomo. Pikipiki yake ya mwisho aliiuza mwaka ambao Glenys aliolewa, na ilikuwa na tairi kama za baiskeli. Akaufunga. Mfupi alikagua vidole vyake vyeusi kwa grisi, maana yeye ni mtu wa gari la mizigo na pikipiki huzijua zikiwa juu ya kreti tu. Glenys alisimama na birika lake.

Kidole aliacha kufukuza nzi. Nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai, ilikuwapo pikipiki aliyoipanda njia hiyo kwa miaka ishirini, jua na mvua. Angeweza kunyamaza. Dakika kumi nyingine binti angechoka, angeagiza chochote, na Jumatano angeondoka nacho.

– Hakuna, alisema. Mimi ndiye niliyempimia kaka yako. Nilitia kidole, kikapita, nikamwambia aende. Sikuwaza tope. Na mimi mwenyewe sijawahi kuipanda. Yangu ni mia arobaini, na hiyo tu, tangu siku ya kwanza.

– Des, alisema Mfupi.

– Niache, Mfupi.

Kidole alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa matusi, hata kwa machozi, na angeyapokea yote kwa shukrani. Merrin hakumpa hata kimoja. Alibonyeza simu, akageuka kando.

– Hujambo, duka la tairi? Nahitaji la nyuma. Mia arobaini, kimo themanini, la rimu kumi na nane. La vinundu, la matope. Ndiyo, lori la Jumanne. Jina Merrin.

Akakata. Askofu akashusha pumzi, akapapasa mfuko kutafuta tumbaku. Mfupi naye akaketi. Benchi likaanza kulegea, kila mtu akidhani jambo limekwisha.

– Bado, alisema Merrin, akibonyeza tena. Kwa miezi mitano Brodie anasema kosa ni lake. Kwamba aliendesha kama mwendawazimu. Hata polisi aliwaambia hivyo, wakaandika. Hayo uliyoniambia mimi, mwambie yeye.

– Binti, mimi sijui kuongea kwenye...

– Umeongea na mimi vizuri tu.

Simu ikaita. Merrin akaiweka sauti wazi, akaishikilia mbele ya Kidole. Ikapokewa.

– Merrin? Umeagiza?

– Nimeagiza. Kuna mtu hapa.

– Brodie, alisema Kidole. Ni Des. Kidole, wa benchini.

Upande wa pili sauti ya kijana ikachangamka.

– Mzee Kidole. Bwana wee, nimefurahi. Nilikuwa naogopa kukupigia mimi. Nisamehe, mzee. Ulinipimia tairi zuri kabisa, ukainuka na kahawa yako ukaiacha ipoe, halafu mimi nikaenda kuliharibu kwa ujinga wangu.

Glenys aliingia ndani na birika lake. Kidole alilishika gogo la benchi kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeko juu ya paa.

– Hapana, mwanangu, alisema. Hukuharibu wewe. Sikiliza.

Akamweleza. Hakupunguza, hakuongeza kangaruu. Alimweleza upenyo, na tope, na unene wa tope, na kwamba gurudumu lilikamatwa, na kwamba hakuna mwendo wa mtu yeyote duniani ambao ungemnusuru kwenye kona ile. Alimweleza mia arobaini iliyoko chini ya turubai. Alipomaliza, Merrin aliitazama simu kuona kama imekatika. Haikuwa imekatika. Walimsikia Brodie anapumua.

– Ulijua lini? aliuliza Brodie.

Askofu aliinamisha kichwa. Mfupi akatazama barabara.

– Siku ileile, mwanangu, alisema Kidole. Bado ulikuwa juu ya lori.