Miaka Minne Niliyoikata Nusu

Sogeeni wanangu, na wewe Marit nizimie hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na mtangazaji wa bei za mahindi. Shamba mmeshagawana bila kununiana, na hilo limenifurahisha. Nyumba ya ziwani ni ya Marit. Dale chukua trekta, wala usiseme ni bovu, uliyeliharibu ni wewe.

Sasa nisikilizeni. Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye Baraza la taifa la udugu wetu, kile chama cha wanafunzi wa kiume wanaoishi nyumba moja chuoni, baraza linaloamua tawi la chuo gani lifungwe na lipi lianzishwe. Watu hudhani tunafunga kwa hasira. Hapana. Tunasoma barua za chuo, tunauliza kama kuna wazee wa karibu wa kuwalea vijana, kisha tunapiga kura, na mmoja wetu anatumwa kwenda kuishusha ukutani hati inayoliruhusu tawi kuwapo. Nyumba hukaa kimya miaka minne, hadi kijana wa mwisho aliyezijua desturi mbovu awe amehitimu na kuondoka. Ndipo tunapoanza na wapya, nao hukaa mwaka mzima bila hati, tukiwatazama.

Tawi la Norden, langu na lako Dale, lilifungwa kwa sababu wanafunzi wapya walikuwa wakilazimishwa kunywa pombe ndipo wapokewe. Hati niliishusha mimi, nikalia garini. Miaka miwili tu ilipopita nikaenda kulibembeleza Baraza tufungue, nikisema nyumba imejaa popo. Chester Wozniak akaniuliza mbele ya wote, "Orville, wale waliokuwa mwaka wa kwanza wamekwenda wapi?" Nikamjibu, "Acha woga wa kikongwe, Chester, wale wameshakua!" Watu wakacheka, nikashinda kwa kura moja.

Hawakuwa wamekwenda popote. Walikuwa mwaka wa tatu, palepale mjini, na wakawafundisha wale wapya yote tuliyotaka yasahaulike. Kabla hata hati haijarudi ukutani, mmoja wao, Tobias Engel, alinyweshwa pombe hadi akafa. Alikuwa na miaka kumi na minane. Tukafunga tena, nami nikanyamaza. Hata mama yenu sikumwambia kwamba haraka ile ilikuwa yangu.

Wiki iliyopita Baraza liliniuliza tena kama tufungue, maana hati ninayo mimi. Dale, jana ulisema, "Tia sahihi bwana mzee, miaka kumi na moja imepita, nani atakumbuka?" Vijana hawakumbuki, kweli. Lakini mama yake Tobias anakumbuka.

Hati iko kabatini, chini ya makoti ya baridi. Usiitundike, mwanangu, najua unavyotamani. Mpelekee Bi Engel, nyumba ya bluu nyuma ya kanisa la Kilutheri. Mwambie aliyeharakisha ni mimi, usimtaje mwingine. Nimeshaliandikia Baraza na Chester amekubali: tawi litafunguliwa siku atakayoirudisha yeye. Asipoirudisha, basi. Akikufokea, simama umsikilize mpaka amalize. Usimwombe anisamehe.

Marit, mshike kaka yako mkono. Hivyo. Mungu awatunze, awape... awape usingizi mzuri, mimi sikuupata. Maji kidogo. Inatosha.

Dale... ukienda kwake... vaa tai. Na usiingie ndani mpaka akukaribishe.