Mwalimu Ndululu, Kindi na Uyoga Usio na Mdomo

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha, Mwalimu Ndululu Nzuki anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1993. Wanaodhani atapumzika hawamjui.

Alizaliwa Tseikuru kwa wafugaji, akafundisha Kitui mjini kabla ya kuletwa kwetu Mukuyuni. Mwaka wa 1971 halmashauri ya shule ilisema kwamba, kwa kuwa hatuna maabara, wasichana waache biolojia, wajifunze kushona vitambaa. Mwalimu aliomba mwaka mmoja. Alikubaliwa kwa shingo upande: darasa lake likifeli, somo lifutwe.

Maabara yake ikawa gogo kavu nyuma ya jikoni. Ndani ya tundu aliishi kindi. Ubavuni uliota uyoga mgumu kama soli ya kiatu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwalinganisha hao wawili. Mwanafunzi mmoja, Mutindi, aliandika kwamba kindi ana mkia, uyoga hauna, na wote wanamwogopa mpishi. Hakukosea. Mpishi wetu, Bwana Musyoka, alilitamani gogo lile kwa kuni, na mara mbili Mwalimu alimkuta nalo, shoka mkononi. Mara zote mbili shoka lilirudi stoo na githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikachelewa.

Msichana mwingine aliuliza, "Mwalimu, hii kitu haina mdomo, inakulanga na nini?"

Hapo ndipo Mwalimu alipopataka. Mti wenye majani hujipikia kwa jua, aliwaeleza, lakini kindi na uyoga hula vya kupikiwa. Tofauti ni kwamba kindi hula kwanza, chakula kisagikie tumboni. Uyoga huulainisha mti kwanza kwa majimaji yake, ndipo unywe mchuzi. Darasa lilicheka, na halikusahau.

Matokeo yalipotoka, hakuna aliyefeli. Mwenyekiti wa halmashauri, Mwangangi, ambaye ndiye aliyekuwa ametaka vitambaa, alikuja mwenyewe kumpa mkono, na miaka mingi baadaye akachangisha fedha za maabara.

Mimi, Gachanja, ndimi ninayeachiwa somo hili, na sifichi kwamba naogopa.

Asante, Mwalimu. Mungu akupe afya, na shamba lako lipate mvua. Ulipoulizwa unataka zawadi gani, uliomba tu sherehe iishe kabla ya vipindi vya mchana, kwa sababu Kidato cha Pili wana biolojia na hujamalizana nao. Wenye hotuba ndefu wanaombwa kuzifupisha.