Boneti ya Moto

Kwenye basi, mbele yangu, seremala alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti habari za pikapu anayokwenda kununua. "Imetembea kilomita laki nne, lakini ukigusa ufunguo tu, inawaka!"

Jirani alikuwa fundi magari. Kucha zake zilijaa grisi. "Inawaka alfajiri injini ikiwa baridi, mdogo wangu, au ukishafika wewe? Shika boneti kwanza. Ukiikuta ya moto, rudi nyumbani."

"Lakini muuzaji ananisubiri saa tatu kamili."

"Ulimtajia saa? Basi ushampa nafasi ya kuipasha kama kiporo!"

"Kaka, nimeshauza mashine ya kuranda mbao kwa ajili ya gari hilo. Nirudi na nini?"

Nikatazama dirishani. Mimi nilipokwenda kununua pikapu yangu, nilimpigia muuzaji mara mbili kumkumbusha saa, maana siwavumilii wachelewaji. Boneti ikaniunguza kiganja, nikasema ni jua. Siku hiyo kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Seremala akanigeukia, anatafuta wa kumtetea. "Mama, wewe unaonaje?"

Basi likasimama. "Mimi nashuka hapa gereji, mwanangu," nikamjibu. "Yangu imelala humo wiki ya tatu."